Hayo Maji Yako ya Chupa Yana Plastiki Kibao

Kama wewe hununua maji ya chupa ukidhani umekwepa noma ya mfereji, cheki hii. Mikroplastiki ni vipande vya plastiki visivyofika milimita 5, na vingi havionekani kwa macho. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walipima maji ya chupa wakapata kama vipande 240,000 kwa kila lita. Karibu asilimia 90 ni vidogo zaidi ya hapo, yaani nanoplastiki. Na vingine vinatoka kwa chupa yenyewe! Madhara yake mwilini, sayansi bado inachimba.

Sasa ukiwa kejani, chemsha. Najua gesi ni doh, lakini mwaka huo huo watafiti wa Guangzhou, China, walichemsha maji ya mfereji dakika 5, wakangoja yapoe. Maji magumu, yale huacha ukoko mweupe kwa sufuria, yalipoteza hadi asilimia 90 ya plastiki, juu chokaa huishika, na ukichuja inabaki kwa kichujio. Maji laini, kama robo tu. So watu wa visima vya Pwani, huo ukoko mnaoulaani kila siku unaweza kuwasaidia. Ila msichemshie kwa birika la plastiki.