Mwaka 1997 Haujaisha Korea

Ukitazama drama za Kikorea za kutosha, kuna mwaka mmoja utaanza kuuona ukirudi mlangoni kama mdai: 1997. Televisheni iko wazi sebuleni, mtangazaji anasema jambo kwa sauti nzito, baba mwenye nyumba anakaa bila kuvua koti, na kuanzia hapo maisha ya kila mtu yanageuka. Hakuna anayejisumbua kueleza sana. Herufi tatu zinatosha: IMF. Kule zimekuwa jina la kipindi kizima. Sisi tunasema "wakati wa Korona", wao wanasema "wakati wa IMF", na kila mtu anajua unamaanisha nini.

Mimi ni mtazamaji wa kawaida tu. Natazama usiku bando ikiruhusu, na nasoma riwaya zao nyepesi za mtandaoni nikiwa kwenye matatu. Mamangu huwaita waigizaji wote Wachina na nimechoka kumsahihisha. Pia niliacha chuo mwaka wa tatu karo iliposhinda nyumbani, kwa hivyo nina sababu zangu za kupenda hadithi za watu waliokatizwa njiani. Wengi hudhani hizi drama ni mapenzi, mvua na miavuli. Mapenzi yapo, na miavuli ni mingi kupita kiasi. Lakini ukitaka kujua kwa nini Wakorea wanaandika na kusoma hadithi zisizohesabika za mtu anayekufa na kuamka akiwa mdogo tena, lazima urudi kwanza kwenye ule mwaka.

Januari 1997 kampuni ya chuma ya Hanbo ilianguka na madeni yake. Kufikia Julai Kia, hii hii ya magari, ilikuwa hoi. Hanbo ilikuwa chaebol, yaani kundi la makampuni chini ya familia moja, na makundi kama hayo yalikuwa yamekua kwa miaka mingi kwa mikopo ya benki na baraka za serikali. Mwisho wa mwaka wakopeshaji wa nje waliogopa, wakataka pesa zao kwa pamoja. Dola moja iliyokuwa karibu won 900 katikati ya mwaka ilikaribia won 2,000 wiki ya Krismasi. Tarehe 3 Desemba serikali ilikubaliana na IMF, na jumla ya mikopo iliyoahidiwa, pamoja na ya Benki ya Dunia na ya nchi nyingine, ilifika takriban dola bilioni 58.

Mikopo hiyo ilikuja na masharti. Benki dhaifu zifungwe, soko lifunguliwe, na makampuni yaruhusiwe kupunguza wafanyakazi kwa urahisi. Hilo la mwisho likawa sheria Februari 1998. Kabla ya hapo, mtu aliyeajiriwa na kampuni kubwa alitarajia kuzeekea pale pale. Ghafla wakawa wanaondoka nyumbani asubuhi na tai shingoni, kisha wanakaa kwenye bustani mpaka jioni ili watoto wasijue.

Kuna sehemu ya kupendeza, na Wakorea wanaipenda: kuanzia Januari 1998 watu walipanga foleni kutoa dhahabu yao ili nchi ilipe deni. Pete za ndoa, vipete ambavyo mtoto hupewa anapotimiza mwaka mmoja, medali za michezo. Watu karibu milioni 3.5, takriban tani 227. Deni la IMF lililipwa Agosti 2001, miaka 3 kabla ya muda. Serikali yoyote ingependa kusimulia hadithi hiyo. Drama zimebaki na ile nyingine, ya nani alilipa baada ya pete kwisha.

Chukua Twenty-Five Twenty-One, iliyotoka 2022. Inaanza 1998. Na Hee-do ni msichana wa shule anayecheza fensi, ule mchezo wa vitara, na timu ya shule yake inavunjwa kwa sababu pesa hakuna. Kocha anamwambia kwamba aliyemnyang'anya ndoto yake ni nyakati. Baek Yi-jin ni kijana wa tajiri aliyefilisika. Masomo yake ya chuo yanakatika, wadai wanamfuata mpaka mlangoni, naye anasambaza magazeti alfajiri kisha anasimamia duka la kukodisha vibonzo. Hee-do ni mteja wake, anasubiri toleo jipya la Full House. Kibonzo hicho ni cha kweli, na mwaka 2004 kilifanywa drama iliyotazamwa karibu Asia nzima.

Hilo duka si pambo. Waliopoteza kazi walichukua kiinua mgongo wakafungua biashara ndogo. Wengi walikaanga kuku, na ndiyo maana hakuna drama ya Kikorea bila kuku na bia. Wengine walifungua maduka ya kukodisha vibonzo na riwaya, ambapo kwa sarafu chache mtu asiye na kazi angeweza kumaliza alasiri nzima. Maduka yalitaka vitabu vingi, vya haraka, vya mapanga na uchawi. Wakati huo huo vijana walikuwa wanaandikiana kupitia simu za waya na kompyuta. Toemarok, hadithi ya wafukuza mapepo, ilianzia kwenye huduma ya Hitel mwaka 1993. My Sassy Girl, filamu ya 2001, ilianza kama visa vya kijana mmoja kuhusu mpenzi wake, alivyoviweka kwenye Nownuri mwaka 1999. Hakuna mhariri aliyempa ruhusa. Hilo lilinipa moyo sana nilipolijua, nikiwa na faili kumi za hadithi kwenye simu na bila cheti hata kimoja cha kuonyesha.

Simu za kisasa zilipofika, riwaya zile zilihamia humo. KakaoPage ilianza 2013, na mwaka uliofuata ikaleta mtindo wake: ukiwa na subira sura inayofuata ni bure, ukiwa na haraka unalipa. Sura zikawa fupi, na kila moja inakuacha umeshika roho. Wasomaji wakatunga lugha yao. Hadithi inayokunyima pumzi, mbaya anashinda tu, wanaiita goguma, kiazi kitamu. Ukishawahi kula ngwaci bila chai unaelewa. Pale mnyonge anapolipiza wanaita saida, yaani soda.

Na soda kali kuliko zote ni hoegwi, kurudi. Mtu anakufa akiwa ameshindwa, anaamka miaka mingi nyuma akiwa na kumbukumbu zote. Wasomi hucheka hizi hadithi, wanasema ni za wavivu wanaotaka utajiri bila jasho. Mimi naziona kama malalamiko halali kabisa. Yule baba wa 1997 alifanya kila alichoambiwa: alisoma, alichelewa ofisini, alimwinamia bosi. Alichokosa ni kujua kwamba Novemba ingefika. Ukimpa habari hiyo mapema, yeye yule bila akili mpya wala bidii mpya anapona. Msomaji hupata hesabu hiyo bila kufundishwa.

Reborn Rich ndiyo iliyoweka hesabu hiyo wazi zaidi. Ilianza kama riwaya ya mtandaoni ya mwandishi anayejiita San Kyung, kisha JTBC ikaitoa kama drama ya episodi 16 mwishoni mwa 2022. Mfanyakazi mwaminifu wa familia ya chaebol anauawa na mabosi wake, anaamka 1987 akiwa mjukuu wa familia hiyo hiyo. Anaomba ardhi Bundang kabla mji mpya haujajengwa pale. Anashika dola kabla won haijaporomoka. Mgogoro uliowamaliza wengine, kwake ni duka la bei nafuu. Ukitazama vizuri inatisha, kwa sababu inakuonyesha kwamba kuna watu walitajirika 1998, na hawakuhitaji kufufuka ili wajue.

Episodi ya mwisho ilionyeshwa siku ya Krismasi, ikapata karibu asilimia 27 ya watazamaji, kisha nchi nzima ikakasirika. Kwenye riwaya jamaa anabaki kwenye maisha yake mapya na kuwa mwenyekiti. Kwenye drama anaamka tena akiwa mfanyakazi wa zamani, na yote anayaita toba. Kiazi kikavu! Waandishi walitaka kutufunza maadili, wakamwambia mtu aliyepigwa risasi kwamba yeye ndiye wa kutubu. Sikubaliani nao mpaka leo.

Kwetu pia watu walipunguzwa kazini miaka ya 1990 kwa masharti ya wakopeshaji hao hao, na kuanzia 1991 vyuo vya umma vikaanza kugawana gharama na wazazi. Aprili 2021 Wakenya walijaza kurasa za IMF wakiiomba iache kutukopesha. Bado nangoja drama yake. Hata episodi mbili.

Ninayoipenda zaidi haina mtu wa kufufuka. Misaeng, ya 2014, ilitokana na kibonzo cha mtandaoni cha Yoon Tae-ho. Jang Geu-rae alilelewa awe bingwa wa baduk, ule mchezo wa mawe meusi na meupe, akashindwa. Anaingia kampuni ya biashara akiwa na cheti cha mtihani wa kujisomea tu, katikati ya wahitimu wa vyuo vikuu. Anafanya kazi kuwashinda, na mkataba unapokwisha haajiriwi. Bosi wake wa zamani ndiye anayempa nafasi kwenye kampuni ndogo.

Wakati drama hiyo bado iko midomoni mwa watu, Desemba 2014, serikali ilipendekeza muda wa wafanyakazi wa mkataba wenye miaka 35 na zaidi uongezwe kutoka miaka 2 hadi 4. Sheria ya 2007 ilisema baada ya miaka 2 mwajiri amwajiri mtu kabisa. Vyombo vya habari vikaliita pendekezo hilo sheria ya Jang Geu-rae. Vyama vya wafanyakazi viliona ni njia ya kumweka Geu-rae mlangoni mara mbili zaidi, na Yoon Tae-ho mwenyewe hakufurahi. Halikupita. Geu-rae ana miaka 26 hadithi inapoanza, kwa hivyo sheria iliyobeba jina lake isingemgusa hata ingepita.