Mikaeli: Jina Lililo Swali



Mara nyingi mtoto aletwapo kubatizwa, nasi tukauliza sababu ya kuitwa Mikaeli, wazazi hutujibu, "Ndilo jina la babu yake." Jibu hilo ni jema. Lakini babu naye alilipokea jina hilo kutoka mbali.

Ni jina la Kiebrania, nalo ni maneno matatu yaliyoungana: mi ni "nani", kha ni "kama", na El ni "Mungu". Basi Mikaeli ni swali: "Nani aliye kama Mungu?"

Wanadamu nao waliitwa hivyo. Katika Hesabu sura ya 13, mmoja wa wapelelezi kumi na wawili ni Sethuri, mwana wa Mikaeli. Waashuri walikuwa na majina ya namna hiyo hiyo, ila waliwatukuza miungu yao. Mtu aliweza kuitwa Mannu-ki-Ashur, yaani, "Nani aliye kama Ashuri?" Lakini Ninawi, mji wao mkuu, ulianguka mwaka 612 kabla ya Kristo.

Katika maandiko ya Kiebrania malaika hawatajwi kwa majina mpaka tufikapo kitabu cha Danieli. Yakobo aliuliza jina, asiambiwe; Manoa vivyo hivyo. Mwalimu wa Kiyahudi wa karne ya 3 baada ya Kristo, Shimoni mwana wa Lakishi, alifundisha kwamba majina ya malaika Wayahudi walipanda nayo kutoka Babeli. Huko walikuwa mateka, na hekalu lao lilikuwa limeteketezwa mwaka 586 kabla ya Kristo. Kila upande walisikia sifa za Marduki, mungu wa Babeli. Kwa watu wa namna hiyo, jina Mikaeli lilikuwa faraja: wenye nguvu ni wengi, lakini nani aliye kama Mungu?

Naye mwenye jina alilishika. Waraka wa Yuda wasema kwamba aliposhindana na Ibilisi juu ya mwili wa Musa, hakuthubutu kumhukumu, bali alimwachia Bwana. Malaika mkuu hakukikalia kiti kisicho chake! Nasi je, tuliopewa cheo kidogo tu, mara ngapi tumewahukumu wenzetu?

Jioni ya leo, mama, utakapomwita Mikaeli wako aje kula, kumbuka kwamba umeuliza swali. Na wote nyumbani walijibu.

Bwana awabariki. Amina.