Upepo wa Mvukuto na Upepo wa Feni: Kisa cha Bati la Shabunda

Mtu atokaye Bukavu, mji uliojengwa juu ya vilima vya Ziwa Kivu kwa kimo cha karibu mita 1,500, akashuka magharibi hata Shabunda, huiacha nyuma hewa ya baridi na kuingia katika nchi ya chini ya Warega, nchi ya msitu mnene na mvua nyingi, ambako mto Ulindi hupita ukienda kuungana na Lualaba. Na aghalabu hushuka kwa ndege ndogo, maana barabara ni ya taabu. Katika mizigo yake siku hizi haikosi kompyuta ya mpakato, nayo, iliyokuwa kimya kule mjini, hapa huanza kuvumisha feni yake kwa nguvu tangu asubuhi. Wenyewe husema mashine imeharibika. Si lazima iwe hivyo, kwa kuwa feni haizalishi baridi hata kidogo: kazi yake ni kuiondoa hewa ya moto na kuileta iliyoko nje, na hewa ya nje ikizidi hari kwa digrii 8, moyo wa mashine nao huzidi kwa kadiri iyo hiyo au karibu yake. Lakini kisa cha hari na upepo katika wilaya hii ni kikongwe kuliko mashine zote.

Wahunzi wa nchi hizi, kabla ya kuja Mbelgiji, waliyeyusha mawe ya chuma kwa makaa ya miti migumu, wakiupuliza moto kwa mivukuto, yaani vyombo vya mti vilivyochongwa mfano wa bakuli na kufunikwa ngozi iliyolegea, ambayo mvukutaji aliipandisha na kuishusha kwa vijiti viwili kwa zamu, kulia na kushoto, hata upepo ukatoka mfululizo katika mrija wa udongo. Makaa yasiyopulizwa hayafikii hari ya kutenga chuma na jiwe lake. Yakipulizwa hupita digrii 1,100. Ustadi wote ulikuwa katika kipimo, kwani upepo ukipungua takataka hugandamana na chuma, na ukizidi makaa huteketea kabla ya kazi kwisha. Kipimajoto hakikuwapo; palikuwa na rangi ya moto, sauti ya mrija, na jicho la mzee.

Wabelgiji hawakukitaka chuma cha Warega, walitaka dhahabu na bati. Katika miaka ya 1930 makampuni yao yalienea Maniema na Kivu yakichimba kasiteriti, ambayo ndiyo jiwe la bati, na Wajapani walipoitwaa Malaya mwaka 1942, bati la Kongo likapata thamani kubwa machoni pa Uingereza na Marekani. Mwaka 1976 makampuni hayo yaliunganishwa yakawa moja, SOMINKI, ambalo machimbo yake yalifika hata Lulingu katika wilaya ya Shabunda. Kisha tarehe 24 Oktoba 1985 Baraza la Kimataifa la Bati liliishiwa fedha, soko la London likafunga biashara ya bati, na bei ikaanguka vibaya. Kampuni haikuinuka tena. Waliobaki ni wachimbaji wa mikono, ambao kazi yao haikubadilika sana hata leo: maji ya kijito huelekezwa katika mfereji, udongo hutupwa ndani kwa beleshi, mwepesi hukokotwa na maji, na kasiteriti, iliyo nzito karibu mara saba kuliko maji, hubaki chini, nyeusi na yenye kung'aa, ikasafishwa katika karai na kutiwa katika mifuko ibebwayo kwa migongo msituni.

Bati hili lilikwenda kufanya nini? Zamani lilipaka makopo ya vyakula. Siku hizi sehemu kubwa ya bati la dunia ni lehemu, ile inayounganisha vyombo vya umeme, na hapo ndipo mambo ya msituni yalipofungamana na mambo ya feni. Kompyuta za mpakato za kwanza, katika miaka ya 1980, hazikuwa na hari ya kutajika. Prosesa ya Pentium iliyotolewa mwaka 1993 ilikula kama wati 15, ikahitaji feni yake. Pentium 4, iliyotoka Novemba 2000, ilipita wati 50, nayo ilitiwa kipimajoto ndani kwa ndani na amri ya kupunguza mwendo wake yenyewe hari ikizidi mpaka. Kati ya miaka hiyo miwili, Desemba 1996, Intel, Microsoft na Toshiba walitoa kanuni za ACPI, ambazo ziliiwezesha programu kuu ya mashine kuiamuru feni iende kasi au polepole kwa kadiri ya hari. Ndiyo kazi ya mvukutaji, ila imegeuzwa: yule alileta upepo ili moto uwake, huyu auleta ili moto usiwake.

Novemba hiyo hiyo ya 2000, waasi wa RCD, waliokuwa wakitawala Bukavu kwa silaha, waliipa kampuni iitwayo SOMIGL haki ya peke yake ya kusafirisha koltani. Sababu ilikuwa bei, iliyopanda mara kadhaa ndani ya mwaka mmoja, kwa kuwa tantali itokayo katika koltani hufanya kapasita ndogo mno zinazostahimili hari, na simu na kompyuta zilikuwa zikizidi kuwa nyembamba. Shabunda, penye mashamba na mito ya samaki, watu waliacha jembe wakafuata mashimo. Mwaka uliofuata bei ilianguka, na ile haki ya peke yake haikudumu hata mwaka.

Kisha likaja jambo ambalo nadhani halikuangaliwa vya kutosha. Tarehe 1 Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku risasi katika vyombo vya umeme. Lehemu ya zamani, mchanganyiko wa bati na risasi, huyeyuka kwa digrii 183; mpya ni bati karibu tupu, huyeyuka kwa digrii 217 au zaidi, na ikipashwa moto na kupoa mara nyingi yaweza kupasuka. Tani moja ya bati iliyokuwa kama dola 4,000 mwaka 2002 ilipita dola 20,000 mwaka 2008. Sisemi kwamba amri hiyo peke yake ndiyo iliyopandisha bei, maana China nayo ilikuwa ikinunua kwa pupa.

Basi fundi wa Bukavu aletewapo mashine ivumayo hukuta mambo mawili. La kwanza ni vumbi lililoshikamana mfano wa blanketi kati ya feni na mapezi ya shaba, ambalo huondolewa kwa brashi, feni ikizuiwa kwa kidole isizunguke. La pili ni ile dawa nyeupe ya kupitisha hari iliyo juu ya prosesa, iliyokauka ikawa chokaa, ambayo hupanguswa kwa spiriti na kupakwa mpya, chembe moja tu kiasi cha punje ya mtama. Akiisha hayo huamuru programu isiitumie prosesa kwa nguvu zake zote, na humkataza mwenyewe kuiweka kitandani, kwa kuwa godoro huziba matundu ya hewa. Wengine huipunguza feni kwa programu ili kelele ziishe; huo, kwa rai yangu, ni upumbavu, kwani moto uliofichwa haukuzimwa, na lehemu ndiyo ilipayo.

Na lehemu hiyo hakuna awezaye kuijua nasaba yake. Sheria ya Marekani ya Julai 2010 iliwataka wafanyabiashara waeleze madini yao yatoka wapi, na Septemba mwaka huo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema hata Machi 2011. Ndipo ulipoenea utaratibu wa kuifunga mifuko kwa vibandiko vyenye nambari, na haukuwa na budi kufanyika huku huku, karibu na shimo: jiwe la Lulingu likiisha kuyeyushwa katika tanuri la Malaysia pamoja na mawe ya nchi nyingine, huwa bati moja, na nambari ya mfuko haiwezi tena kulifuata.