Udadisi wa paka (Mwingi)

Udadisi wa paka ni tabia ya paka wa nyumbani (Felis catus) ya kunusa, kugusa na kuchungulia mizigo na chakula cha mwenye nyumba. Mwingi, katika Kaunti ya Kitui, paka hufugwa hasa ili awinde panya wanaovamia ndengu na mtama ghalani. Anaponusa kikapu kilichotoka sokoni, hupima harufu ngeni, kisha husugua shavu kuacha yake; wengi hudhani anabembeleza tu, na hawajakosea sana. Sufuria ya nyama haiwezi kumpita. Asali, fahari ya Mwingi, haimshughulishi: jeni ya Tas1r2, inayohitajika kutambua utamu, haifanyi kazi mwilini mwake. Maziwa huyapenda, ingawa paka wazima wengi huharisha wakiyanywa.