Wa Pili Mara Tatu

Porsche 911 ilimaliza ya pili katika Safari Rally ya mwaka 1972. Ikamaliza ya pili tena 1974, na mara ya tatu 1978. Haikushinda hata mara moja. Waliokaa nyuma ya usukani hawakuwa wanagenzi: Sobiesław Zasada wa Poland, Björn Waldegård wa Sweden, na Vic Preston Jr., Mkenya ambaye baba yake alishinda mashindano hayo 1954 na 1955. Datsun 240Z, kwa upande wake, ilishinda 1971, ikarudi 1973 ikashinda tena.

Kwa ubishi wa kibarazani, hesabu hiyo inatosha. Kwa mjomba wangu haikutosha, kwa sababu yeye alikuwa na fedha za kiwanja alichouza Kitengela, umri wa miaka 68, na magari mawili mbele yake: 240Z ya 1972 iliyokuwa Mombasa, na 911 SC ya 1981 iliyokuwa hapa Nairobi. Mjomba amefanya kazi ya ufundi kwenye gereji kwa miaka 40 na hajawahi kumiliki gari la michezo. Alitaka moja, alitunze kwa mikono yake mwenyewe kabla mikono haijagoma. Mkewe alikubali kwa sharti moja tu: gari liwe linatembea. Sanamu uani hakutaka.

Huenda ukauliza kwa nini hakuagiza jingine ng'ambo, lililo zima zaidi. Sheria ya Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Anayetaka gari la zamani huchagua miongoni mwa yale ambayo tayari yako nchini, na yanapungua.

Mimi niliingizwa kwenye jambo hili kwa sababu ya shahada yangu. "Wewe si umesomea historia?" mjomba alinipigia. "Basi nitafutie historia ya haya mawili, nisije nikauziwa hadithi."

Nikaanza na Datsun, na jambo la kwanza lililonishika ni kipimo cha pistoni. Pistoni ya 240Z ina kipenyo cha milimita 83, na safari yake ndani ya silinda ni milimita 73.7. Vipimo hivyo hivyo ndivyo vya Datsun 1600, saluni ya silinda nne ambayo Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, aliishindia Safari mwaka 1970. Silinda nne zinakupa lita 1.6. Ongeza mbili za aina ileile, unapata lita 2.4 za gari lenye boneti ndefu ambalo Herrmann huyo huyo alilishindia 1971, huku Shekhar Mehta akimfuata wa pili katika 240Z nyingine. Yaani ndani ya lile umbo linalofanya watu wageuze shingo kulikuwa na injini ya gari la mwalimu mkuu, iliyorefushwa. Fundi aliyekuwa amewahi kuifungua saluni hakuwa mgeni mbele ya 240Z. Kabureta mbili badala ya moja, ndiyo, lakini spana ni zilezile.

Mwaka 1973 unastahili kusimuliwa polepole. Mehta alizaliwa Uganda, na mwaka mmoja kabla familia yake ilikuwa miongoni mwa Waasia waliofukuzwa na Idi Amin. Alianza Safari ya 1973 akiwa mtu aliyepoteza nchi. Mwishoni mwa maelfu ya kilomita za vumbi na tope, yeye na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa katika Datsun saluni, walikuwa na alama za adhabu sawasawa. Ushindi ukaamuliwa kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila kupoteza alama, na huyo akawa Mehta. Baadaye alishinda mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, ila si kwa gari la michezo. Alishinda kwa saluni za Datsun.

Nilipomsomea mjomba haya alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo 240Z haikushinda. Walioshinda ni watu."

Alikuwa amepata kiini cha jambo haraka kuliko mimi. Tangu 1953 hadi 1971 Safari ilishindwa na madereva wakazi wa Afrika Mashariki tu. Hannu Mikkola wa Finland, mwaka 1972, ndiye mgeni wa kwanza kuvunja mwiko huo. Nafasi mbili kati ya zile tatu za pili za Porsche zililetwa na wageni. Orodha ya washindi inatuambia nani aliijua barabara, nani alijua kwamba mto mkavu wa saa nane unaweza kuwa umefurika saa kumi. Kuhusu chuma chenyewe inasema machache kuliko tunavyodhani, na kuhusu chuma hicho kikishafikisha nusu karne haisemi kitu.

Nusu karne ndiyo iliyogeuza mambo. Kuanzia magari ya 1976 Porsche ilianza kutumia bodi ya chuma kilichopakwa zinki ili kuzuia kutu. Datsun haikuwa na kinga hiyo, na 240Z inajulikana duniani kote kwa kuoza sakafu, vizingiti vya milango na kitako cha betri. Halafu Porsche haikuacha kutengeneza vipuri vya magari yake ya zamani, wakati 240Z nyingi ziliuzwa Marekani na vipuri vyake vingi viko huko, kwa ajili ya magari yenye usukani kushoto. Mashindano ya magari ya zamani, East African Safari Classic, yalipoanza 2003, zile 911 zikarudi kwa wingi. Mwaka 2011 Waldegård mwenyewe alishinda kwa 911, mwanawe Mathias akiwa kando yake akimsomea ramani. Alikuwa na miaka 68. Sikuacha kumtajia mjomba umri huo.

Tulishuka Mombasa kwa treni. Mwenye Datsun alikuwa bibi mjane wa Nyali, na gari lilikuwa chini ya banda la makuti, likiwa limeoshwa likang'aa. Baada ya shikamoo yangu na chai, mjomba alitoa mfukoni sumaku ndogo aliyoifunga kwa soksi ili isichubue rangi. Akaipitisha polepole kwenye bodi. Juu ya paa iliganda. Kwenye mlango iliganda. Chini ya mlango ikaanguka. Akaiokota, akajaribu tena shubiri moja mbele, ikaanguka tena. Hapo chuma kilikuwa kimekwisha, na kilichobaki kilikuwa puti na rangi.

"Marehemu alilipenda sana," bibi akasema. "Kila Ijumaa akiliosha mwenyewe, kwa maji ya hapo kisimani."

Visima vya kando ya bahari maji yake yana chumvi. Mjomba alinitazama, hakusema neno. Akawasha injini. Ilikohoa mara mbili, ikashika, na sauti yake ikawa laini kiasi kwamba paka aliyelala kwenye tairi hakuhangaika.

Porsche tuliiona wiki iliyofuata, Karen. Ilikuwa safi, sumaku iligandia kila mahali, na mwenyewe alikuwa na faili la risiti nene kama Biblia. Mjomba akaomba jambo moja: afungue vifuniko vya chini vya vali. Kwenye 911 SC, boliti ndefu zinazoshikilia vichwa vya silinda zina tabia ya kukatika, hasa zile za upande wa ekzosi, na ukifungua vifuniko hivyo unaweza kukuta kipande kimedondoka. Akikatikiwa, mwenye gari hushusha injini nzima, lita 10 na ushei za oili, na kuifumua. Mwuzaji akasema injini haijawahi kuguswa na haitaguswa mpaka inunuliwe. Alikuwa na adabu, na ilikuwa haki yake.

Nilimwandikia mjomba ukurasa mzima wa kuitetea Porsche. Ningeuandika tena leo. Bodi nzima, vipuri vinavyopatikana kwa kuagiza, gari linaloweza kutembea siku hiyo hiyo, sharti la mkewe likatimia kabla ya magharibi. Hata likiwa na boliti mbili zilizokatika, hilo ni gonjwa moja lenye jina na bei, lakini kutu haina mwisho unaojulikana. Kila anayewahi kukata bati bovu anajua kwamba chini yake kuna jingine.

Alisoma, akakunja karatasi, akaiweka mfukoni.

"Kutu naiona," akasema. "Bati la sakafu nitalipindishia Kamukunji, kwa vijana walewale wanaonitengenezea masanduku. Boliti za Mjerumani nitazipindishia wapi? Kila kikiharibika kitu nitakuwa naulizia bei ya yuro."

Nikamwambia vijana wa Kamukunji hawajawahi kutengeneza sakafu ya gari. Akasema hata yeye hakuzaliwa fundi. Tofauti ya bei, ambayo ilikuwa zaidi ya nusu ya fedha za kiwanja, aliirudisha benki kwa jina la mkewe, na sidhani ilikuwa bahati mbaya kwamba alifanya hivyo kabla ya kumwambia amenunua lipi.

240Z sasa iko juu ya vigogo vinne uani. Sakafu ya upande wa dereva imekatwa yote, na ukiingiza kichwa unaona majani. Vijana walipindisha bati la kwanza vibaya, la pili likakaa. Wiki iliyopita mjomba alifungua bati la zamani la biskuti analowekea vitu, akatoa seti za ringi za pistoni za Datsun 1600 alizonunua miaka mingi iliyopita kwa ajili ya teksi ya mtu ambaye hakurudi kuzichukua. Bado zilikuwa kwenye karatasi yake yenye mafuta. Akazipima kwa kalipa: 83. Ziko seti za silinda nne. Anatafuta mbili.