Mizizi ya benga na mitaa ya Makadara

ANAYESIKIA gitaa la benga katika mitaa ya Makadara, mashariki mwa Nairobi, husikia pia ala isiyoonekana jukwaani, yaani nyatiti ya Waluo.

Nyatiti ni kinubi chenye nyuzi nane. Mpigaji huketi kwenye kigoda, akadonoa nyuzi kwa vidole na kugonga ubao wa ala kwa pete ya chuma aliyoivaa kidoleni mguuni, huku njuga zikilia. Ala nyingine ya Waluo ni orutu, yenye uzi mmoja unaosuguliwa kwa upinde.

Ala hizo ziliambatana na misiba, sherehe na sifa za mashujaa kandokando ya Ziwa Victoria. Wenyeji wa huko walipohamia Nairobi kutafuta kazi, wengi walikaa katika mitaa kama Kaloleni, uliojengwa miaka ya 1940, na Makongeni, uliojengewa wafanyakazi wa reli. Humo waliishi pamoja na Wakamba, Waluhya na Wakikuyu, kila jamii ikiwa na ngoma zake.

Gitaa lilipoenea, wapigaji Waluo walilihamishia mtindo wa nyatiti: noti moja moja zinazofuatana upesi, besi nzito, na kituo cha uimbaji ili gitaa litambe. Hivyo benga ikashika kasi miaka ya 1960.

Miongoni mwa walioieneza ni D.O. Misiani wa Shirati Jazz, aliyezaliwa mwaka 1940 karibu na Shirati, Tanzania, na kufariki katika ajali ya barabarani Kisumu mwaka 2006. Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers waliipa ladha ya Ukambani, wakiimba kwa Kikamba na Kiswahili.

Hata hivyo, kuvuma kwa benga hakuhakikishi uhai wa ala zilizoizaa. Upigaji nyatiti hujifunzwa kwa kuketi na mzee anayeufahamu. Akiondoka bila mwanafunzi, ujuzi humfuata kaburini. Tishio hilo si la Waluo pekee. Mwaka 2014, UNESCO iliiorodhesha ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho, magharibi mwa Kenya, miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Nchini Ireland, ambako upigaji kinubi uliwahi kukaribia kutoweka, mafunzo kwa vijana yaliuhuisha, na mwaka 2019 UNESCO ikautambua kuwa turathi ya binadamu.