Faili la ISO Mkononi: Historia ya Kufungua Taswira za Diski kwenye Simu

Taswira ya diski ni nakala ya diski nzima iliyotiwa ndani ya faili moja. Mwenye kuitengeneza hanakili mafaili ya diski moja baada ya jingine. Hunakili sekta zote kwa mfuatano wake, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, zikiwemo zile tupu, orodha ya mafaili, na sehemu inayoiwezesha kompyuta kuwaka kutoka kwenye diski hiyo. Kwa hiyo faili la namna hii halifunguliwi kama barua au wimbo. Ama programu iingie ndani na kuokota kinachotakiwa, ama mfumo endeshi ulipachike na kulihesabu kuwa diski halisi, ama lipewe mashine nyingine ambayo italidhania ni diski. Simu zimepita katika njia zote tatu, na katika kila njia jambo lililochelewa kufika ni ruhusa ya mwenye simu. Uwezo wa simu ulikuwepo mapema.

Kazi yenyewe ni kongwe kuliko simu za mkononi. Amri ya dd, ambayo hadi leo hutumika kunakili diski sekta kwa sekta, ilikuwemo katika mfumo endeshi wa Unix tangu mwaka 1974. Enzi za disketi za inchi tatu na nusu, taswira moja ilikuwa na sekta 2,880 za baiti 512 kila moja, yaani baiti 1,474,560 kamili, hata kama disketi ilibeba barua moja tu. Utaratibu huo ulipendwa na waliosambaza programu, kwa sababu disketi iliyotokana na taswira haikutofautiana na ile ya asili.

Jina la ISO lilikuja na CD. Philips na Sony waliitoa CD ya muziki mwaka 1982, kisha wakaweka kanuni za CD ya data. Lakini kila kampuni ilipanga mafaili kivyake, na CD iliyosomeka kwenye kompyuta ya aina moja ilikuwa kipande cha plastiki tu kwenye nyingine. Mwaka 1985 wawakilishi wa makampuni ya kompyuta walikutana katika hoteli ya High Sierra, karibu na Ziwa Tahoe katika jimbo la Nevada, Marekani, ili wakubaliane juu ya mpangilio mmoja. Pendekezo lao lilirekebishwa na kupitishwa mwaka 1988 kuwa kiwango cha kimataifa namba 9660 cha shirika la viwango la ISO. Herufi tatu za shirika hilo zikawa mkia wa jina la faili, na leo watu wengi husema tu “faili la ISO” wakimaanisha taswira ya diski ya aina yoyote.

Mpangilio huo unastahili kuangaliwa kwa karibu, maana ndio ulioirahisishia simu kazi miaka mingi baadaye. Kila sekta ya data ina baiti 2,048. Sekta kumi na sita za mwanzo zimeachwa kwa matumizi ya mfumo, na katika ile inayofuata kuna maelezo ya diski, yakiwa na alama ya herufi CD001. Maelezo hayo yanaonyesha mahali ilipo folda kuu. Folda kuu nayo inataja kila faili limeanzia sekta gani na lina ukubwa gani. Kwa kuwa CD huandikwa mara moja na haibadilishwi, kwa kawaida faili limelala kwenye mstari mmoja usiokatika. Programu ikishajua mwanzo na urefu, huruka moja kwa moja hadi pale na kusoma. Haina haja ya kuifungua taswira yote, wala ya kuiingiza kwenye kumbukumbu ya mashine. Hata namba ndani ya maelezo hayo zimeandikwa mara mbili, kwa mfuatano wa baiti wa aina zote mbili, ili kusiwe na mashine itakayobabaika. Waliokaa kule Tahoe walikuwa wakizifikiria kompyuta kubwa za mezani, lakini walichokitunga kinakifaa sana kifaa kidogo chenye nguvu haba.

Afrika Mashariki, kwa muda mrefu, faili la ISO lilijulikana zaidi kwa ugumu wa kulipata. CD ya dakika 80 hubeba sekta 360,000, yaani baiti zipatazo milioni 737. Kwa modemu ya simu ya mezani ya kilobiti 56 kwa sekunde, kuipakua kungechukua zaidi ya saa 29, na hiyo ni iwapo laini haikukatika wala kupunguza mwendo hata mara moja. Ndiyo sababu mpango wa mfumo endeshi wa Ubuntu wa kutuma CD bure kwa posta, uliofungwa mwaka 2011, ulikuwa na thamani kubwa kwa watu wa nchi zenye intaneti ya taratibu. Mwanzilishi wa Ubuntu, Mark Shuttleworth, ni mzaliwa wa Afrika Kusini, na mpango huo ulitambua ukweli ambao wengi wa Ulaya na Marekani hawakuuona: sanduku la posta lilikuwa na kasi kuliko intaneti.

Mambo yaligeuka kebo za baharini zilipofika. SEACOM ilianza kazi Julai 2009 ikiwa na vituo Mombasa na Dar es Salaam, TEAMS ikafika Mombasa mwaka huohuo, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Lakini kebo hazikumletea kila mtu kompyuta. Wengi waliingia kwenye intaneti kwa simu, wakanunua bando kwa simu, na mafaili yao yakatua kwenye simu. Hapo ndipo swali la kufungua taswira ya diski kwenye simu lilipopata uzito. Mwanafunzi aliyepakua mfumo endeshi, au fundi aliyehitaji diski ya kufufulia kompyuta ya mteja, alikuwa na faili zima mkononi na hana kompyuta ya kulifungulia.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa kadi ya memori. Kadi nyingi zilipangwa kwa FAT32, mpangilio ambao huandika ukubwa wa faili kwa biti 32 tu. Faili moja haliwezi kuzidi baiti 4,294,967,295. DVD ya tabaka moja hubeba takriban baiti bilioni 4.7, hivyo taswira yake haiingii hata kama kadi ina nafasi mara kumi ya hiyo. Watu wengi walidhani kadi zao ni mbovu au feki, kumbe tatizo lilikuwa namba iliyokosa nafasi ya kuandikwa. Kadi za SDXC, zilizotangazwa mwaka 2009, zilikuja na mpangilio wa exFAT unaokubali mafaili makubwa zaidi.

Kikwazo cha pili kilikuwa ndani ya Android yenyewe. Simu ya kwanza ya mfumo huo, iliyotengenezwa na HTC, ilitoka mwaka 2008, na moyo wake ulikuwa kerneli ya Linux. Tangu miaka ya 1990 Linux ina huduma iitwayo kitanzi, ambayo hulichukua faili na kulifanya lionekane kama diski, tayari kupachikwa. Kwa maana hiyo simu ilizaliwa na chombo kinachohitajika. Lakini kupachika ni kazi ya mkuu wa mfumo peke yake, na Android humpa mkuu huyo kiti kisha ikamfungia mlango. Kila programu hukaa chini ya utambulisho wake, haina mamlaka juu ya mfumo, na mwenye simu naye hana. Tena watengenezaji wengi waliiondoa kabisa kwenye kerneli sehemu inayosoma mpangilio wa CD, kwa hoja kwamba simu haina mahali pa kutia CD.

Wakati huohuo, mfumo wenyewe ulikuwa ukipachika taswira kila siku bila kumwambia mtu. Android 2.2 ya mwaka 2010 iliruhusu programu kuhamishiwa kwenye kadi ya memori. Kila iliyohamishwa ilifungwa ndani ya taswira yake iliyosimbwa, ikawekwa kwenye folda iliyofichwa, na ikapachikwa simu ilipowaka. Ufunguo ulibaki ndani ya simu. Ndiyo maana kadi ikihamishiwa simu nyingine programu hizo hazikufunguka. Mwishoni mwa mwaka huohuo Android 2.3 ilileta OBB, utaratibu wa programu kuuomba mfumo upachike taswira iliyoandaliwa na mtengenezaji wake. Vijana wanaocheza michezo mikubwa wanaifahamu vizuri folda ya OBB, ingawa watengenezaji wengi waliishia kuijaza mafaili ya zip.

Wasiotaka kusubiri ruhusa waliziruti simu zao, yaani walivunja kufuli la mfumo na kujitwalia mamlaka ya mkuu. Baada ya hapo, amri mbili tatu zilitosha kupachika taswira, ilimradi kerneli iliujua mpangilio wake. Gharama haikuwa ndogo: dhamana ilipotea, na simu nyingine zilikufa zisiamke tena. Android 5.0 ya mwaka 2014 ilikaza zaidi ulinzi wa ndani, na njia hiyo ikawa nyembamba.

Katika kipindi hicho cha kuruti ndipo ilipotokea programu ya DriveDroid, na wazo lake lilikuwa zuri ajabu. Badala ya kuifanya simu isome ISO, iliifanya simu ijitambulishe kwa kompyuta, kupitia waya wa USB, kuwa ni fleshi au kiendeshi cha CD. Kompyuta iliomba sekta, simu ikazitoa kutoka kwenye faili, na kompyuta ikawaka. Simu haikuhitaji kuelewa lolote kuhusu kilichomo ndani, hivyo kasoro ya kerneli iliyonyimwa usomaji wa CD haikuwa na maana tena. Fundi aliweza kutembea na mifumo endeshi kadhaa mfukoni na kuchagua wa kumwashia mteja. Wazo hilo lilisaidiwa na jambo lililotangulia mwaka 2008, pale waundaji wa Syslinux, programu ya kuwashia Linux, walipobuni namna ya kuitengeneza ISO iwe CD na fleshi kwa wakati mmoja. Mifumo mingi ya Linux ikaifuata.

Kwa wasioruti, mlango mwingine ulifunguka mwaka 2011, Android 3.1 ilipoziruhusu programu kuzungumza moja kwa moja na vifaa vya USB. Kutokana na ruhusa hiyo, mwishoni mwa muongo huo, ilikuja programu ya EtchDroid. Fleshi huchomekwa kwenye simu kwa kiunganishi cha OTG, faili huchaguliwa, na sekta zote huandikwa juu ya fleshi bila kuomba mamlaka ya mkuu. Kilichokuwepo kwenye fleshi hufutika chote. Hatari hiyo haina budi kutajwa kila mara kazi hii inapotajwa, kwa kuwa haina kurudi nyuma.

Njia iliyoenea kuliko zote, hata hivyo, ni ile isiyopachika chochote. Programu za kufungua mafaili yaliyobanwa, kama ZArchiver, huisoma ISO kama zisomavyo zip: hufuata orodha iliyo ndani, huonyesha mafaili, na kutoa linalotakiwa. Hapa mpangilio wa mwaka 1988 unaonyesha faida yake, kwani simu ya bei nafuu huweza kutoa kitabu kimoja kutoka taswira ya gigabaiti kadhaa kwa muda mfupi. Programu ya namna hii haihitaji mamlaka ya mkuu, ila ruhusa ya kusoma na kuandika mafaili.

Kwa njia hiyohiyo programu ya PPSSPP, iliyotoka mwaka 2012, hufungua taswira za diski za PSP, mashine ya michezo ya Sony, zenye ukubwa usiozidi gigabaiti 1.8 hivi, na kuzicheza kwenye simu. Mchezo wa mpira wa PES kwa njia hii unajulikana sana kwa vijana wa Kenya na Tanzania, na ni huo uliowafundisha wengi wao neno ISO pamoja na CSO, ambayo ni ISO iliyobanwa. Hata hivyo taswira nyingi zinazopitishwa mkono kwa mkono ni nakala zisizo na idhini ya wenye haki.

Kwenye iPhone safari ilikuwa ndefu zaidi. Simu hiyo ilitoka mwaka 2007, lakini programu ya kumwonyesha mtumiaji mafaili yake haikuja hadi mwaka 2017. Programu za kuiga mashine za michezo zilikatazwa katika duka la Apple hadi masharti yalipolegezwa Aprili 2024. PPSSPP iliingia mwezi uliofuata, na Julai ikafuata UTM SE, ambayo huiga kompyuta nzima na huweza kuwasha mfumo endeshi kutoka kwenye ISO, ingawa kwa mwendo wa pole.

Kwa upande wa Android, taswira zilizidi kusogea katikati ya mfumo. Tangu Android 10 ya mwaka 2019, baadhi ya sehemu za mfumo hufika zikiwa vifurushi vya APEX. Ndani ya kila kifurushi mna taswira ya diski, na simu huzipachika kila inapowaka. Mwaka 2025 baadhi ya simu za Pixel zilipata programu ya Terminal, ambayo hupakua taswira ya mfumo wa Linux uitwao Debian na kuiwasha ndani ya kompyuta ya kuigwa, kando ya mfumo wa simu. Mwenye simu huanza kwa kuiruhusu Terminal katika mipangilio ya wasanidi programu. Ndani ya Debian hiyo yeye ndiye mkuu, na simu yenyewe haijarutiwa.